Mwongozo Kamili: Namna ya Kuandika Sehemu ya Maadili katika Tathmini ya Teknolojia ya Afya

Wasomaji wanaoniandikia kuhusu tathmini ya teknolojia za afya, yaani ripoti inayoisaidia kamati kuamua kama tiba au kifaa fulani kilipiwe, huwa wamekwama mahali pale pale. Sehemu ya ufanisi wa tiba imekamilika, hesabu za gharama zimekwisha kupita mikononi mwa mchumi, na sasa zimebaki kurasa mbili za maadili ambazo zinatakiwa kukabidhiwa Ijumaa. Matokeo yake hufanana: aya nne, kila moja ikibeba kanuni moja, yaani kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kutenda mema, kutodhuru na haki, kisha sentensi ya kufungia inayosema kwamba masuala ya kimaadili yazingatiwe. Kamati huisoma, huiafiki, na hakuna neno hata moja la mapendekezo linalobadilika.

Kanuni hizo nne hazina kosa. Kosa ni kuziita mwishoni, wakati maamuzi mazito ya kimaadili yamekwisha kufanywa kimyakimya na watu waliochagua swali, kilinganishi (kile ambacho teknolojia inalinganishwa nacho) na kipimo. Mwongozo huu unaianza kazi hiyo mapema. Mfano utakaotumika kote ni usafishaji wa damu kwa wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kabisa kufanya kazi, kwa sababu ni huduma ghali, inaokoa maisha waziwazi, na nchi mbalimbali zimeiamulia kwa njia tofauti huku kila mtu akitazama.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Maelezo ya teknolojia katika ukurasa mmoja: inafanya nini, kwa nani, wapi, na nani anaiendesha.
- Rasimu ya swali la tathmini, kabla haijapitishwa.
- Jedwali la gharama pamoja na maelezo ya kilichohesabiwa na kilichoachwa nje.
- Orodha ya maswali ya kimaadili. Ile ya maswali 33 iliyotolewa na Bjørn Hofmann, mtaalamu wa maadili ya tiba wa Norway, mwaka 2005 inatosha kabisa. Wengine hutumia mfumo wa Ulaya wa EUnetHTA, ambao unaigawa tathmini katika sehemu tisa na kuyapa maadili sehemu yake.
- Sheria na sera zinazoibana kamati yenu. Kenya, kwa mfano, huwezi kuikwepa Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 kuhusu haki ya afya. Tanzania utahitaji Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023.
- Daftari la maamuzi lenye safu nne: uamuzi uliofanywa, tunu iliyomo ndani yake, anayenufaika au kuumia, na pendekezo.
- Watu wa kuzungumza nao: muuguzi wa kitengo, mgonjwa, anayemuuguza, aliyeacha tiba, mhasibu wa hospitali na mwanasheria.

Daftari ndilo kifaa muhimu kuliko vyote. Atakayelipuuza atajikuta anaandika kwa kumbukumbu, na kumbukumbu humpendelea yule aliyezungumza sana kikaoni.

## Hatua ya 1: Ingia kabla swali halijafungwa

Omba nafasi katika kikao cha kwanza, hata kama mratibu anaona bado hakuna kazi ya mtu wa maadili. Kazi ipo, na ni kubwa. Swali linalouliza kama mashine za kusafisha damu zina faida kuliko usafishaji kwa njia ya tumbo, ambao mgonjwa hujifanyia nyumbani kwa maji ya tiba yanayoingizwa tumboni, limekwisha kuamua kwamba moja kati ya hizo mbili itanunuliwa. Swali linaloongeza upandikizaji wa figo, tiba shufaa (ya kumpunguzia mgonjwa maumivu pale ugonjwa usipoponyeka), au udhibiti wa kisukari na shinikizo la damu kabla figo hazijaharibika, linafungua mlango ambao lile la kwanza liliufunga.

Uliza mambo matatu hapo hapo: tunalinganisha na nini, tunapima matokeo gani, na nani aliomba tathmini hii. La tatu huwakera watu kidogo. Liulize hata hivyo, kwa adabu, kwa sababu ombi lililotoka kwa msambazaji wa vifaa na ombi lililotoka kwa chama cha wagonjwa hayaanzii mahali pamoja.

Tahadhari. Usijaribu kuingiza kila mbadala. Tathmini yenye vilinganishi saba haikamiliki. Kinachotakiwa ni kilichoachwa kiachwe kwa sababu iliyoandikwa.

Utajua umefaulu swali lililopitishwa likiwa na mbadala mmoja ambao haukuwamo mwanzoni, au daftari likiwa na mstari unaoeleza kwa nini haukuingizwa.

## Hatua ya 2: Orodhesha wote wanaoguswa, hata wasioitumia

Wengi huandika mgonjwa, daktari, mlipaji (yaani mfuko wa bima au serikali), kisha huishia hapo. Anza upya kwa kuifuata siku moja ya mgonjwa mwenyewe.

Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine huunganishwa nayo kwa takriban saa nne, na ratiba iliyozoeleka kitabibu ni mara tatu kwa wiki, ingawa kwetu wagonjwa wengi huipata mara mbili tu. Anayeishi mbali na kituo huondoka nyumbani kabla hakujapambazuka, akiwa na mtu wa kumsindikiza kwa sababu jioni atarudi akiwa hoi. Huyo msindikizaji naye ana shamba, kibanda au kazi ya kibarua. Nyuma yake yupo mtoto anayebaki na jirani. Wote hao wanaguswa na uamuzi wa kamati, na hakuna hata mmoja wao aliyemo katika jedwali la gharama.

Kisha ongeza wasioonekana: mgonjwa ambaye figo zake zilishindwa bila kugunduliwa kwa sababu zahanati ya kijijini kwake haina kipimo, ndugu anayeombwa kutoa figo katikati ya kikao cha ukoo ambamo kukataa ni vigumu, na mgonjwa wa maradhi mengine kabisa ambaye fedha zake ndizo zitakazohamishwa.

Tahadhari. Chama cha wagonjwa huwakilisha waliofikia tiba na kuendelea kuishi. Sauti yao ni halali, lakini usiichukue kuwa sauti ya wale ambao hawakufika.

Utajua umefaulu orodha ikiwa na angalau kundi moja ambalo hakuna mjumbe wa kikao anayelitetea.

## Hatua ya 3: Fukua tunu zilizofichwa ndani ya namba

Hapa ndipo rasimu nyingi zinapokufa, kwa sababu mwandishi wa maadili huiogopa meza ya mchumi na mchumi huamini kwamba meza yake haina maadili. Keti naye nusu siku na mpitie mambo manne.

Kipimo cha manufaa. Tathmini nyingi hutumia kipimo kinachofahamika kwa kifupi kama QALY, ambacho huhesabu miaka ya maisha na kuipunguza kulingana na ubora wake. Mwaka mmoja katika afya kamili huhesabiwa kuwa moja. Mwaka mmoja ukiwa umefungwa kwenye mashine mara tatu kwa wiki huhesabiwa chini ya hapo. Nani aliamua ni chini kiasi gani? Kama alama zilitolewa na watu wenye afya waliokuwa wakikisia hali ya ugonjwa, liandike hilo daftarini. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipotaka kupanga huduma kwa mpangilio wa vipaumbele, serikali ya shirikisho ililikataa ombi lake mwaka 1992 kwa hoja kwamba mpangilio ule uliwabagua watu wenye ulemavu, na jimbo likalazimika kuurekebisha kabla ya kukubaliwa mwaka uliofuata.

Uzito wa ukali wa ugonjwa. Je, manufaa yale yale yahesabiwe zaidi yakimfikia mgonjwa mahututi? Taasisi ya Uingereza ya NICE, inayoshauri ni tiba zipi zilipiwe na huduma ya afya ya umma, na ambayo kwa miaka mingi ilitumia kiwango cha pauni 20,000 hadi 30,000 kwa kila QALY, iliamua mwaka 2022 kuyaongezea uzito manufaa ya wagonjwa wa hali mbaya zaidi, kwa kuzidisha kwa 1.2 au kwa 1.7. Unaweza kuupinga uamuzi huo, lakini huwezi kuuita wa kihesabu tu. Kamati isiyoongeza uzito wowote nayo imechagua: imechagua kuzidisha kwa moja.

Gharama za nani. Hesabu ikichukua mtazamo wa mlipaji pekee, usafishaji kwa njia ya tumbo huonekana nafuu kwa sababu unafanyika nyumbani, na kazi ya nyumbani haina risiti. Lakini maji ya tiba hubadilishwa mara kadhaa kila siku, maboksi yake yanahitaji pahali pakavu, mikono inaoshwa kwa uangalifu mkubwa kila mara, na uzembe mdogo unaweza kuleta maambukizi ya ndani ya tumbo. Kazi hiyo kwa kawaida humwangukia mke, binti au mkwe. Mwombe mchumi arudie hesabu kwa mtazamo wa jamii, nauli na siku za kazi zikiwamo, kisha weka matokeo yote mawili pamoja.

Wastani unawaficha akina nani. Kifaa kinachofanya kazi vizuri kwa wastani kinaweza kuwaangusha watu fulani. Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni ni mfano ulio wazi: utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa Weupe. Kifaa hicho kilikuwa kimetumika hospitalini kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo, kabla hujakubali takwimu za usahihi wa kifaa chochote, uliza kilijaribiwa kwa nani. Katika nchi zetu swali hili si la hiari.

Ongeza la tano kama teknolojia yenu ni ya kinga. Wachumi huipunguza thamani ya manufaa ya baadaye kwa asilimia fulani kila mwaka, na kadiri asilimia hiyo inavyokuwa kubwa ndivyo kuzuia kisukari leo kunavyoshindwa na mashine ya leo. Asilimia inayotumika iandikwe mahali panapoonekana.

Mstari wa daftari unaofaa unaonekana hivi: «Hesabu imechukua mtazamo wa mlipaji. Tunu: nidhamu ya bajeti imetangulizwa mbele ya mzigo wa kaya. Wanaoumia: kaya za mbali na wanawake wanaouguza. Pendekezo: hesabu irudiwe, na kamati ione zote mbili.»

Utajua umefaulu mchumi mwenyewe akiweza kutaja, bila kusoma, mambo matatu katika hesabu yake ambayo ni chaguo na si vipimo.

## Hatua ya 4: Sikiliza, tena mahali panapofaa

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na hakuna andiko la kitaalamu linaloweza kuziba pengo la mazungumzo na mgonjwa. Lakini mazungumzo yenyewe huharibiwa na namna yanavyofanywa.

Usimhoji mgonjwa akiwa ameunganishwa na mashine huku muuguzi amesimama pembeni. Atakusifia huduma, kwa kuwa maisha yake yako mikononi mwa hao wanaomsikia. Mfuate nyumbani au mahali anapopachagua mwenyewe, mrudishie nauli yake kama ametoka, mweleze maneno yake yatatumika vipi, na mwachie haki ya kuyafuta. Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti kikihitajika, kipatikane kwanza.

Usiulize, «Je, unaona huduma hii ni ya haki?» Swali hilo huzaa jibu la heshima lisilo na kitu ndani yake. Salimia kwanza inavyopasa, kisha uliza jambo la siku: «Mama, tangu mzee aanze kusafishwa damu, nani anafungua kibanda siku za kliniki?» Kutoka hapo utasikia kuhusu mkopo, kiwanja kilichouzwa, binti aliyesimamishwa masomo, na pia kuhusu mzee aliyerudi kuhudhuria harusi ya mjukuu wake. Yote ni data.

Mtafute pia aliyeacha tiba, au familia yake. Wengine waliacha kwa kukosa nauli, na wengine kwa uamuzi uliotafakariwa wa kutotaka kumalizia siku zao hospitalini. Makundi haya mawili yakichanganywa, ripoti itauita umaskini hiari.

Tahadhari. Watu wachache uliozungumza nao hawathibitishi ukubwa wa tatizo. Wanaonyesha kwamba lipo na linavyofanya kazi. Andika hivyo.

Utajua umefaulu mazungumzo yakikulazimisha kurudi kwenye orodha ya Hatua ya 2 na kuongeza jina la kundi.

## Hatua ya 5: Ziweke wazi tunu zinazogongana

Sasa una daftari lililojaa. Tafuta mahali ambapo kutimiza tunu moja kunaiumiza nyingine, na uandike mgongano huo kwa majina yake. Hapa masomo ya nchi nyingine yanasaidia kuliko nadharia.

Thailand ilikabiliwa na hesabu iliyoonyesha kwamba usafishaji wa damu, kwa njia yoyote, haukuwa na tija kwa kiwango ambacho nchi hiyo ilikitumia kupima thamani ya fedha. Hata hivyo, mwaka 2008 huduma hiyo iliingizwa katika mpango wa bima ya wananchi wote. Sababu zilitamkwa: wagonjwa walikuwa wakifilisika, na watumishi wa umma pamoja na waajiriwa wa sekta rasmi walikuwa tayari wakiipata huduma hiyo kupitia mifuko yao. Usawa kati ya raia na kinga dhidi ya ufukara vilishinda tija. Lakini gharama ilidhibitiwa kwa kuwataka wagonjwa waanze na njia ya tumbo, na hapo uhuru wa mgonjwa kuchagua ukapunguzwa. Mwaka 2022 sera ikabadilishwa, mgonjwa na daktari wake wakaruhusiwa kuchagua njia. Uamuzi mmoja, tunu tatu, na kila moja ikiwa na bei yake.

Afrika Kusini ilifikia jibu jingine. Thiagraj Soobramoney, mgonjwa wa Durban mwenye kisukari na maradhi ya moyo, alinyimwa huduma katika Hospitali ya Addington kwa kuwa mashine zilikuwa chache na zilitengewa wale ambao figo zao zingeweza kupona au ambao walifaa kupandikizwa figo. Novemba 1997 Mahakama ya Katiba iliikataa rufaa yake, ikisema vigezo vya hospitali vilikuwa vya busara na vilitumiwa kwa nia njema na kwa haki. Alifariki muda mfupi baadaye. Uamuzi huo unaumiza kuusoma, lakini kwa mwandishi wa tathmini una jambo la kufanyia kazi: vigezo vya hospitali viliweza kutetewa mbele ya mahakama kwa sababu vilikuwepo, vilijulikana, na vilihusu hali ya kitabibu.

Ulinganishe na Seattle ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambako kamati ya watu saba ilichagua nani apate mashine kwa kuangalia, pamoja na mengine, kazi, ndoa, watoto na ushiriki kanisani. Vigezo vya namna hiyo havijatoweka. Siku hizi huvaa lugha ya «uwezekano wa kufuata masharti» au «msaada wa kijamii nyumbani», na mgonjwa asiye na ndugu mjini ndiye anayeondolewa. Mkivikuta katika rasimu ya vigezo vyenu, vigeuzeni viwe wajibu wa huduma: kama mgonjwa hana msaada nyumbani, mfuko wa bima umpe.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sentensi ya namna hii bila kuona haya: tukichagua A, tunapata hiki, na watu hawa watakosa kile.

## Hatua ya 6: Unganisha kila jambo na pendekezo

Andika sasa, na kwa ufupi. Jambo ambalo halibadilishi pendekezo, halibadilishi masharti yake, wala halihitaji maelezo kwa umma, liondoe, hata kama lilikuchukua wiki kulipata.

Sentensi dhaifu husomeka hivi: «Huduma hii ina masuala ya usawa ambayo watunga sera wanapaswa kuyazingatia.» Haimwambii mtu afanye nini kesho.

Sentensi imara husomeka hivi: «Kulipia mashine katika hospitali za rufaa pekee kutawafikia kwanza wakazi wa miji mikuu. Tunapendekeza malipo yajumuishe nauli ya mgonjwa anayeishi mbali na kituo, au huduma ya njia ya tumbo iandaliwe sambamba katika mikoa isiyo na mashine. Kamati ikiyakataa yote mawili, sababu yake iingizwe katika kumbukumbu za kikao.»

Kisha upime utaratibu mzima kwa masharti manne ya mwanafalsafa Norman Daniels na daktari James Sabin wa Marekani kuhusu maamuzi ya haki: sababu za uamuzi ziwe wazi kwa umma, ziwe sababu ambazo watu wenye nia njema wanaweza kuzikubali kuwa zinahusika, pawepo njia ya kukata rufaa na kurekebisha, na pawepo chombo cha kuhakikisha hayo matatu yanatekelezwa. Kwa uzoefu wangu sharti la kwanza huahidiwa na la tatu husahauliwa, kwa hiyo lianzie hilo la tatu.

Tahadhari. Usiwaamulie. Kazi ya sehemu hii ni kuionyesha kamati inachochagua. Mwandishi anayehubiri huipa kamati kisingizio cha kutomsoma.

Utajua umefaulu mjumbe asiyekubaliana nawe akiweza kutumia ukurasa wako kujenga hoja yake.

## Hatua ya 7: Panga tarehe ya kurudi na mlango wa rufaa

Uamuzi wa leo umetegemea bei, sheria na takwimu za leo. Orodhesha mabadiliko yatakayolazimu kuufungua upya: bei ya maji ya tiba ikishuka, upandikizaji wa figo ukipanuka, sheria ya uchangiaji wa viungo ikibadilika, au takwimu zikionyesha kwamba wanaofikiwa ni wakazi wa miji miwili tu.

Andika pia nani anaweza kukata rufaa, ndani ya muda gani, kwa lugha gani na kwa gharama ya nani. Fomu ya rufaa iliyo kwa Kiingereza pekee na inayopatikana makao makuu tu haihesabiki kuwa rufaa kwa mgonjwa wa Kigoma au wa Kwale.

Mwisho, kabidhi daftari la maamuzi pamoja na ripoti, likiwa limeandikwa jina la cheo kitakachohusika kulitunza badala ya jina la mtu, kwa kuwa maofisa huhamishwa kabla tarehe ya mapitio haijafika.